Kikopo cha Kizingitini

Sehemu ya Sita

"Usitie majini! Maalimu, ngoja!"

Sauti ilitoka ngazini. Ilikuwa ya Zouhair, mpangaji wa juu, na aliyeshtuka kuliko wote kuisikia ni Zouhair mwenyewe.

Kama gazeti la wiki jana walifungia maandazi kabla hujalisoma, pokea kwa ufupi. Tuko Rabat, mtaa wa Diour Jamaa, nyumbani kwa Hajja Mennana, Ijumaa, kuskusi imeshaliwa. Leo Hajja alikichomoa kigae kilicholegea kando ya kizingiti chake, akakuta kikopo cha bati. Ndani mna karatasi iliyokunjwa, imejaa majina asiyoyajua. Mna mguu wa sungura na manyoya yake. Mna mkono wa mwanasesere. Na mna kufuli dogo, limefungwa, ufunguo haupo.

Kufuli! Katika nyumba ambayo mke amekaa miaka mitano hajashika mimba! Hajja hakungoja kuambiwa na mtu. Alimwita mwanawe Abdelhak, akamwita Maalimu Bouazza mtegua uchawi, kisha akamnyooshea kidole mkwewe, Ghizlane. Sanduku la nguo la Ghizlane limeshatolewa, liko mlangoni linasubiri mwenyewe.

Ila wewe unajua wasilolijua wao. Kikopo ni cha Zouhair. Ni ule mchezo wake wa mtandaoni: mtu anaficha kikopo, anatangaza kilipo, na watu kutoka pande zote za dunia wanakuja na simu zao kukisaka. Wakikipata wanaandika majina, wanachukua kitu kidogo, wanaacha kitu kidogo. Masharti ni kwamba ukitaka kuficha kwenye nyumba ya mtu, umwombe ruhusa kwanza. Zouhair aliulizwa: mwenye nyumba ameridhia? Akabonyeza ndiyo. Wakati anabonyeza, Hajja alikuwa jikoni akimpikia supu kwa sababu alimsikia anakohoa.

Haya, twende.

"Una nini wewe?" Hajja aligeuka. "Umenitoa roho!"

Maalimu alikuwa ameishika karatasi juu ya beseni la maji ya chumvi. Ikizama pale wino utayeyuka, na wino ukiyeyuka hakuna tena cha kumtetea Ghizlane.

"Nasema isomwe kwanza," Zouhair alibabaika, sahani ya kuskusi aliyokuja kuirudisha iko mkononi. "Huenda si uchawi, Hajja. Huenda ni karatasi tu."

"Karatasi tu! Mwanangu, wewe ni mpima ardhi. Pima ardhi. Haya tuachie sisi."

"Mwache aseme," alidakia Ghizlane. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. "Angalau mmoja humu ndani ana akili."

Akamtazama Zouhair kwa shukrani. Zouhair aliinamisha kichwa, maana shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

"Kusoma si kazi," alisema Maalimu, akavaa miwani. "Wolfgang. Jitka. Helmut na Ute." Akaivua miwani taratibu. "Majini hawa. Tena si wa kwetu. Wa ng'ambo."

"Audhubillahi!" Hajja alijishika kifua.

"Hao ndio wagumu, Hajja. Kiarabu hawajui. Kuwasomea ni kazi mara mbili. Na tazama hapa, kila mstari una herufi nne zilezile. T, F, T, C. Zimerudiwa mara thelathini na moja. Hii ni talasimu, tena ya mtu aliyesoma."

Zouhair alizijua herufi hizo. Ndivyo wasakaji wanavyofupisha neno lao la asante kwa aliyeficha. Watu thelathini na moja walikuwa wamemshukuru yeye, na kila asante mpya ilipoingia alijiona mtu kati ya watu.

"Na hili ndilo lililofunga." Maalimu aliliinua kufuli.

Lilikuwa kufuli la begi la Zouhair. Alipoteza ufunguo, akaona badala ya kulitupa alitie kikoponi, watu wachezee. Ujinga wa namna hii hauna dawa.

"Umeona, Abdelhak?" Hajja aliwaka. "Mara ngapi nimekuambia uongeze mke? Kila nikisema unanijibu, 'Mama, Ghizlane ananitosha.' Mwanamume mwenye akili zake anasema hivyo? Nikajua tu huyu kapumbazwa. Leo nimeona kwa macho yangu!"

"Kwa hiyo mwanao kunipenda ni uchawi?" Ghizlane aliuliza.

"Miaka mitano, mwanangu! Hata baba yake, Mungu amrehemu, hakunipenda miaka mitano!"

Maalimu alikohoa kuficha kicheko.

"Na usijitie hujui," Hajja aliendelea. "Jirani wa ng'ambo ya njia kakuona. Kila asubuhi unainama pale, unakisukuma kigae."

"Kigae kimelegea! Naosha kizingiti, kinatoka, nakirudisha. Miezi sita nakuambia, Abdelhak, ita fundi. Sikukuambia?"

Abdelhak, mume mwenyewe, bega pana kama mlango, alikuwa anahesabu maua ya zulia.

"Uliniambia."

"Basi sema!"

"Si nimesema. Uliniambia."

Huyo ndiye Abdelhak. Mpole, hana ubaya na mtu, na siku unayomhitaji hana msaada wowote.

Na kigae chenyewe hakikulegea hivihivi. Zouhair alikichokoa kwa kisu cha matunda, mchana mmoja Hajja alipokwenda kuoga hamamu. Mpima ardhi! Mtu anayelipwa mshahara kuwaambia watu hapa ni kwako na hapa ni kwa mwenzio!

Sasa utauliza, mbona asiseme? Hata mimi nimemuuliza. Hebu jiweke mahali pake. Yeye ni kijana asiye na mke, amepanga juu ya kichwa cha mke wa mtu, mwezi wa nane sasa. Akisimama kumtetea, swali la kwanza litakuwa: yanakuhusu nini? Tena siku anakabidhiwa chumba, Hajja alimpa sharti moja tu. "Sitaki wageni wageni mlangoni kwangu. Mengine yote wewe ni mwanangu." Na kweli alimfanya mwanawe. Kila Ijumaa sahani ya kuskusi ilipanda ngazi, nyama imefichwa chini ya mboga asije akasema kapunjwa.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Zouhair akajaribu kupita katikati.

"Nimepata kusikia," alisema, "kuna mchezo wa Wazungu. Wanaficha vikopo, wengine wanavitafuta."

"Watoto?"

"Watu wazima, Hajja."

"Wakipata wanapewa nini?"

"Hawapewi kitu. Wanaandika majina, wanaondoka."

Hajja na Maalimu walitazamana.

"Mwanangu," Hajja aliuliza kwa huruma, "homa yako ilikwisha kweli?"

"Uongo nao uwe na kichwa na miguu," alisema Maalimu. "Mtu atoke kwao, apande ndege, aje aandike jina ukutani kwa Hajja?"

"Na nani aje afiche kwangu?" Hajja alimkazia macho. "Nani huyo? Mtaje."

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake, msomaji wangu. Neno moja tu lilitakiwa, nalo ni mimi. Ghizlane alikuwa anamtazama, hata pumzi hakuvuta.

"Sijui," alisema Zouhair.

Alijisikia akilisema, akalichukia, na hakulirudisha.

"Bismillahi," alisema Maalimu, akaizamisha karatasi.

Wino ulitoka polepole. Wolfgang akaenda, Jitka akaenda, Helmut na Ute wakaenda pamoja, mpaka maji yakawa rangi ya chai hafifu na karatasi ikabaki nyeupe. Ushahidi wote ukaishia kwenye beseni la kufulia.

Hajja alifuta mikono. "Abdelhak, mpeleke kwao. Baba yake atajua la kumfanya. Talaka tutaizungumza mahakamani Jumatatu."

"Abdelhak," aliita Ghizlane. "Nitazame. Mimi nakufunga wewe? Mimi?"

Abdelhak alitazama sanduku. Halafu, wallahi, akalinyanyua. Akaufungua mlango wa barabarani.

Hapo mlangoni, kapiga magoti, mkono umezama mpaka kiwiko ndani ya ukuta wa Hajja Mennana, alikuwepo mama mmoja wa Kizungu.

"Mchawi mwenyewe huyu hapa!" alipiga kelele Hajja.

Maalimu Bouazza, mtegua uchawi wa miaka thelathini, alirudi nyuma ya beseni lake.

Mama yule alisimama kwa tabu, kashika kiuno. Nywele nyeupe, kofia pana ya jua, uso mwekundu kwa aibu, simu mkononi. Akaanza kuomba radhi kwa Kifaransa cha kuokoteza. Ghizlane, aliyezoea Kifaransa kwa kuuza dawa kwenye duka kubwa kabla ya kuolewa, ndiye aliyemjibu.

"Anasema samahani sana. Anasema anatafuta kikopo."

Maalimu alichungulia kutoka nyuma ya beseni.

"Anasema ni mchezo. Watu wanaficha, wengine wanasaka. Ametoka Brno, huko kwa Wacheki. Amekwishavipata elfu mbili na mia moja. Anauliza mbona hiki hakipo mahali pake."

Hajja aliketi kwenye kiti kilicho karibu. Alimtazama mama yule, akakitazama kikopo, kisha akamgeukia Zouhair na uso umemlegea kabisa.

"Kumbe ulisema kweli! Mwanangu, nami nikakuona una homa! Mungu akuhifadhi. Maalimu, umesikia? Kijana kasema, sisi tukamcheka!"

"Mungu akulipe," alisema Ghizlane, na sasa ndipo machozi yalipomtoka. "Ni wewe peke yako uliyefungua mdomo."

Zouhair alitamani ardhi ipasuke. Lakini niwaambie ukweli, chini ya ile aibu kulikuwa na nafuu. Mwanamke amesafika, yeye hajatajwa. Huenda yakaishia hapa, alijiambia, na kesho atakiziba kile kigae kwa saruji, halafu hatarudia tena maisha yake yote. Ndivyo mwenye hatia anavyojifariji.

Abdelhak alilitua sanduku. Akacheka kicheko cha mtu aliyetoka msibani. "Basi yamekwisha. Mke wangu, ingia ndani."

Mama wa Kicheki alisema jambo lingine, akitabasamu.

"Anauliza mwenye nyumba ni nani," Ghizlane alitafsiri, "amshukuru kwa kutoa ruhusa."

"Ruhusa gani?" Hajja aliinua kichwa.

Simu ilitolewa. Ghizlane akaishika, akasoma kwa sauti huku anajifuta mashavu kwa kiganja.

"'Kikopo kipo kwenye nyumba ya familia. Mwenye nyumba, bibi mkarimu sana, ameridhia kwa moyo mweupe.'"

"Mimi? Nimeridhia lini? Nimemridhia nani?"

"'Tafadhali msigonge mlango. Kigae cha tatu kutoka chini, kulia. Jihadharini na…'"

Macho yake yaliendelea kusoma lakini midomo ilisimama.

"Soma," alisema Abdelhak.

"Si kitu. Maelekezo tu."

"Ghizlane. Soma."

Alisoma kwa sauti ya chini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"'Jihadharini na mkwe wa nyumba hii. Hutoka saa moja asubuhi kuosha kizingiti. Huvaa kilemba cha kijani, na huimba. Hukaa kama robo saa. Subirini mpaka amalize. Akiingia ndani, njia nyeupe.'"

Kicheko cha Abdelhak kilikauka.

Zouhair aliyaandika yale kama maelekezo kwa wasakaji, wasigongane na mtu mlangoni. Hakuwa na lingine. Mimi namwamini. Lakini hata mimi najiuliza, na yeye pale ngazini alijiuliza kwa mara ya kwanza: saa ya kuosha kizingiti iliwahusu wasakaji, sawa. Kuimba je? Kuimba kuliwahusu nini?

"Nani anamtazama mke wangu?" Abdelhak aliuliza. "Kila siku, robo saa nzima. Nani?"

"Hapa amejiandika Kipanga," alisema Ghizlane. "Jina la mchezo."

"Kipanga wa wapi?"

Hajja aliinua macho polepole mpaka kwenye dari. Juu ya mlango wa nyumba ile kuna dirisha moja tu, na kodi ya chumba chenye dirisha lile anaipokea yeye kila mwezi.

"Ni mimi," alisema Zouhair.

Lilipotoka moja, yakafuata yote. Kisu cha matunda. Kigae. Kufuli la begi. Ile ndiyo aliyoibonyeza. Alisema haraka haraka, amesimama palepale, kama anayeogopa kwamba akivuta pumzi ataanza tena kudanganya.

"Nilisema umeridhia, Hajja. Sikukuuliza. Niliogopa utakataa. Na dakika hii iliyopita umeniuliza usoni, nikasema sijui. Nisamehe. Nisameheni wote."

Maalimu Bouazza alianza kukusanya vitu vyake kimyakimya, akavaa viatu, akapita pembeni bila kuaga mtu.

Zouhair alitegemea kelele. Alitegemea kufukuzwa. Hajja alimtazama tu, na uso wake ulikuwa wa mama mzee aliyechoka.

"Ungeniuliza ningekukubalia," alisema.

"Hajja…"

"Ningekukubalia, Zouhair. Ningewapa na chai. Nilisema sitaki wageni nisiowajua. Ungewaleta nikawajua, ungekuwa mchezo wetu sote. Na mimi leo nimemtoa mke wa mwanangu na sanduku lake. Nimemwita mchawi mbele ya mtu wa nje. Kwa kufuli la begi lako."

Hapo Zouhair alilia. Alilia waziwazi, mwanamume mzima, sahani bado iko mkononi.

"Usilie," alisema Ghizlane, na hakulisema kwa huruma. "Mimi ndiye wa kulia. Ulikuwa umesimama hapo. Sanduku langu linatolewa, umesimama. Nafukuzwa, umesimama, tena na sahani ya kuskusi niliyoipika mimi. Nikakuombea dua, ukaipokea!" Akageuka. "Nawe, Abdelhak. Huyu alikuwa kimya kwa kuwa ana hatia. Wewe je? Ulikuwa na hatia gani?"

Abdelhak alikuwa mbali kabisa.

"Huwa unaimba?" aliuliza.

"Nini?"

"Asubuhi, ukiosha mlango. Unaimba?"

"Naimba. Ndiyo, naimba. Kuna kosa?"

"Mimi nimekuoa miaka mitano. Sikujua kama unaimba." Alimwonyesha Zouhair kwa kidevu. "Huyu anajua."

"Kwa sababu saa hiyo wewe unakoroma!"

"Anajua na kilemba. Anajua na rangi yake."

"Abdelhak, tazama unakokwenda," alionya Hajja. "Uchawi umetoka mlangoni sasa hivi. Usiingize lingine."

Mama wa Kicheki alikuwa bado amesimama kizingitini, anatabasamu kwa wasiwasi, anamwangalia huyu na yule. Hakuelewa neno, ila alikwishajua kwamba humu ndani kuna kitu kimevunjika. Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

Ghizlane alimrudishia simu. Akasimama katikati ya sebule, akajipangusa uso, akakiweka kilemba vizuri.

"Sasa nisikilizeni, nami niseme langu. Nilikuwa nimelipanga kwa leo. Niliamka alfajiri nikapika kuskusi ya mboga saba, sikumwambia mtu kwa nini. Nikasema wakimaliza kula, wakishamshukuru Mungu, nitawaambia wote pamoja, na mama atanipigia vigelegele mpaka mtaa usikie. Lakini kabla hatujanawa mikono, kikopo kikatiwa mezani."

"Kutuambia nini?" Hajja aliinuka.

"Jumatano nilikwenda kwa daktari. Nina mimba. Mwezi wa tatu."

Hajja alipeleka mkono mdomoni, ulimi ukaruka, na kigelegele kikapanda juu, kirefu, cha furaha ya miaka mitano.

Kikakatika katikati.

Kwa sababu alimtazama mwanawe. Abdelhak hakuwa anamtazama mkewe. Hakuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, taratibu, kama ya mtu anayerudisha miezi nyuma mmoja mmoja.

"Abdelhak?" aliita Ghizlane. Alimwona, akaelewa, na rangi ikamtoka usoni. "Abdelhak, hapana. Usithubutu."

Zouhair naye alielewa. Alifungua mdomo aape, akagundua kwamba katika nyumba hii kiapo chake sasa hakina thamani hata ya punje ya chumvi. Ghizlane hakuwa na shahidi mwingine zaidi yake, na shahidi huyo amejitangaza mwongo mwenyewe mbele ya watu wote.

Abdelhak aliufunga mlango wa barabarani, polepole, kwa mikono miwili, akamwacha yule mama wa watu nje. Akapita mbele ya mkewe bila kumgusa, akaja mpaka chini ya ngazi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya upole uleule wa siku zote.

"Zouhair, ndugu yangu, hebu nikumbushe. Wewe ulihamia kwetu mwezi gani?"